Anza na wazazi, mpira utafuata

Timu za watoto za mtaani hazifi kwa kukosa vipaji. Vipaji vimejaa kila uchochoro. Zinakufa kwa sababu kocha ni mmoja, siku akipata kazi ya zamu hakuna wa kushika filimbi, na wazazi wa wale watoto hamsini hawajuani hata kwa sura. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuanzisha timu ya watoto wa miaka 6 hadi 15, hasa kwa mazingira ya Dar es Salaam na miji inayofanana nayo, ni huu: kabla hujanunua jezi, kusanya wazazi.

Kwanza nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama uwanja ni wa shule ya msingi, kwa mwalimu mkuu. Omba ruhusa kwa maandishi, yenye siku na saa. Ruhusa ya mdomo hudumu mpaka mwalimu mkuu ahamishwe, na mwalimu mkuu mpya hana deni na wewe. Kisha itisha kikao cha wazazi, Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, kisichozidi saa moja. Usiende na ratiba tayari mfukoni. Uliza kwanza: nani mwanawe anakwenda madrasa jioni, nani ana tuisheni, nani anamsaidia mama gengeni. Ratiba iliyopangwa bila kuuliza hayo inamlazimisha mtoto adanganye nyumbani ili aje mazoezini, na siku akibainika, lawama yote inaangukia mpira.

Mara tatu kwa wiki zinatosha. Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili kasoro robo, na Jumamosi asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, kabla jua halijakolea. Usisogeze zaidi muda wa jioni. Mwezi wa sita Dar es Salaam jua linazama kama saa kumi na mbili na robo, na mtoto wa darasa la pili anahitaji nusu saa ya kufika nyumbani kukiwa bado kweupe.

Daftari ni muhimu kuliko mipira. Kila mtoto awe na ukurasa wake: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa pamoja na nakala ya cheti au kadi ya kliniki, shule na darasa, namba mbili za simu za watu wazima tofauti, jina la anayeruhusiwa kumchukua, na afya yake. Hapo kwenye afya uliza kwa kutaja, usiulize "ana tatizo lolote?" Wazazi wengi watajibu hapana. Uliza: ana pumu? Ana selimundu (sikoseli)? Ana kifafa? Ana mzio? Mtoto mwenye selimundu akikaushwa maji na kukimbizwa raundi kumi za uwanja anaweza kuishia hospitali, na selimundu si ugonjwa wa nadra kwetu. Mtoto huyo apate kibali cha daktari, anywe maji kila baada ya dakika chache, apumzike anapotaka mwenyewe bila kuonewa, na asilazimishwe kucheza akiwa ameloa kwenye baridi. Mwenye pumu pampu yake ya dawa ikae kwa kocha pembeni ya uwanja. Ikibaki kwenye begi darasani haina msaada.

Watu wazima wawe wawili kila siku, hata watoto wakiwa sita. Akiumia mmoja, mtu mzima mmoja anaondoka naye na mwingine anabaki. Pia kocha asiwe peke yake na mtoto chumbani, kwenye bajaji wala kwenye simu usiku. Ujumbe unakwenda kwa mzazi. Sheria hii isemwe kikaoni mbele ya wote na iwahusu wote, hata kocha anayeheshimiwa kuliko wote mtaani.

Tuzungumze hela. Tuseme una watoto 40 na ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni 200,000. Usipange matumizi ya 200,000. Panga kwa watoto 25 watakaolipa kwa wakati, yaani 125,000, na chochote cha ziada kiwe akiba ya mipira. Mhazini awe mzazi, kocha asishike fedha, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye grupu la wazazi kila mwisho wa mwezi, hata kama ni kununua chaki. Mtoto asiyelipiwa asitolewe mstarini mbele ya wenzake. Ongea na mzazi, na mpe njia nyingine ya kuchangia: kufua bibu (vizibao vya kutofautisha timu mazoezini), kuleta ndoo ya maji, kusimama zamu ya Jumamosi. Fundi cherehani mmoja miongoni mwa wazazi atakuokolea fedha nyingi, maana bibu ni kipande cha kitambaa chenye kamba mbili ubavuni.

Vifaa vya watoto 24 kwa zoezi moja: mipira 12, koni 20 (chupa za maji zilizojazwa mchanga zinafaa kabisa), bibu 12 za rangi moja, pampu moja na sindano tatu. Mpira namba 3 ni wa walio chini ya miaka 8, namba 4 ni wa miaka 8 hadi 12, na namba 5 huanza miaka 13. Kosa linaloonekana kila mahali ni kuwapa watoto wa miaka saba mpira namba 5. Mpira huo ni mzito kwao, kwa hiyo wanajifunza kubutua kwa ncha ya kidole badala ya kupiga pasi kwa upande wa mguu, na tabia hiyo ukija kuitoa miaka minne baadaye unatoka jasho.

Mipira mingi haifi kwa mateke, inafia kwenye sindano ya kujazia upepo. Itazame ile valvu: ni kitundu kidogo cha mpira laini, na jioni huwa kimejaa vumbi jekundu. Ukichomeka sindano kavu, vumbi na chuma vinakwangua kuta zake, na kesho yake mpira unavuja taratibu bila tundu kuonekana. Pangusa kitundu kwa kitambaa chenye maji, lowesha sindano kwa mate au tone la mafuta, ingiza wima bila kuizungusha, na ichomoe wima vilevile. Usijaze mpaka mpira uwe kama jiwe. Ukibonyeza kwa vidole gumba viwili, ubonyee kidogo.

Viatu vina kanuni moja: kwenye mchezo mmoja, wote wavae au wote wacheze peku. Ukichanganya, kidole cha asiye na kiatu ndicho kitakachovunjika. Kwenye uwanja mgumu wa vumbi raba ni bora kuliko njumu zenye meno marefu, kwa sababu meno hayazami ardhini, na mguu wa mtoto unayumba juu yake. Anzisheni kabati la njumu: mtoto akikua, mzazi analeta jozi ya zamani na kuchukua kubwa kidogo. Zikilowa, zijazwe magazeti na zikae kivulini. Ukizianika juani au karibu na jiko, gundi inaachia na soli inabaki uwanjani.

Kuhusu mazoezi yenyewe sitasema mengi. Watoto chini ya miaka 9 wacheze wanne kwa wanne au watano kwa watano, kwenye eneo la kama mita 30 kwa 20, ili kila mmoja auguse mpira mara nyingi. Ukiwaweka kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kwenye uwanja mzima, watatu watacheza na wengine watatazama mawingu. Chandimu, soka la uchochoroni, tayari inafundisha chenga katika nafasi finyu. Kazi ya kocha ni kuiongezea pasi na kuinua kichwa. Kupiga mpira kwa kichwa waache kabisa mpaka wakue kidogo. Marekani na Uingereza wameshakuondoa kwenye mazoezi ya watoto wadogo. Magoli ya chuma yafungwe ardhini kwa vigingi au mifuko ya mchanga kila siku, na mtoto yeyote asining'inie kwenye mwamba, maana goli likianguka linaua.

Sasa familia. Jumamosi moja kwa mwezi iwe ya wote. Wadogo wa miaka 4 na 5 wanakuja na mzazi, dakika 30 tu: kuukimbilia mpira, kuusimamisha kwa unyayo, kuupeleka kwa mama na kurudi nao. Baada yao wazazi dhidi ya watoto, dakika kumi kila kipindi, na wazazi wasikabe kwa nguvu. Baba aliyekuwa anapiga kelele "piga, piga!" pembeni, akicheza mwenyewe dakika kumi anaelewa kwa nini mwanawe hakupiga. Siku za mechi chora mstari wa chokaa mita tatu kutoka pembeni ya uwanja, mashabiki wakae nyuma yake, na anayetoa maelekezo awe kocha peke yake. Mtoto anayesikia sauti tano hucheza kwa hofu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo kitaifa ni ya usafi, timu iingie mtaani. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa 1987, kilikwenda mbali zaidi: timu iliyofanya usafi inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Huo ni mpango wenye akili sana, kwa sababu mtaa mzima unaona faida ya timu, hata yule asiyependa mpira. Kwenu watoto waokote plastiki na vioo uwanjani wakiwa na glavu. Wasiingie kwenye mitaro na wasiguse sindano zilizotupwa.

Wasichana wasiachwe wasubiri "tukikua kidogo". MYSA ilianza kuwachezesha 1992. Hadi miaka 10 au 11 wanaweza kucheza pamoja na wavulana bila shida. Baada ya hapo watahitaji muda wao, mwanamke mtu mzima uwanjani, mahali pa kubadilishia nguo penye mlango, bukta nyeusi badala ya nyeupe, na taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Msichana anayekosa mazoezi siku nne kila mwezi si mvivu.

Mtoto akiteguka, mguu usichuliwe wala usikandwe kwa maji ya moto siku hiyo. Najua bibi atataka kuukanda, na anafanya kwa upendo, lakini joto na kuchua huongeza uvimbe. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, inua mguu, na akishindwa kukanyaga hatua nne aende kituo cha afya. Aliyegonga kichwa hatacheza tena siku hiyo hata akilia. Akitapika, akisinzia au akirudia swali lilelile, ni hospitali. Maumivu ya kisigino au chini ya goti kwa watoto wa miaka 9 hadi 14 mara nyingi hutokana na mifupa inayokua kwa kasi. Dawa yake ni kupunguza mazoezi kwa wiki kadhaa.

Vijeba, yaani wakubwa wanaochezeshwa kama watoto, ni wizi, tena wa watoto wawili: yule aliyepokonywa nafasi na yule anayejengewa maisha juu ya umri wa uongo. Hapo ndipo daftari, lenye tarehe za kuzaliwa, linapofanya kazi ya pili. Usajili wa kweli una faida pia: klabu iliyomsajili mchezaji rasmi kati ya miaka 12 na 23 ina haki ya sehemu ya asilimia 5 ya ada ya uhamisho anapouzwa nje ya nchi akiwa na mkataba, kwa kanuni za FIFA. Bila usajili unaotambuliwa na shirikisho la soka, hakuna wa kukutambua. Jisajili Baraza la Michezo la Taifa na kwenye chama cha soka cha wilaya mapema.

Na atakuja mtu mwenye miwani mizuri na ahadi ya majaribio Ulaya kwa mtoto wa miaka 14, akiomba hela ya viza. Waambie wazazi kikaoni, kabla hajafika: FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa jambo lisilohusu mpira. Mtu huyo asipewe pasipoti, asipewe fedha, asipewe mtoto.

Mwezi wa Ramadhani mazoezi yapunguzwe hadi dakika 40, yaanze saa kumi na moja jioni, yawe ya pasi na danadana badala ya mbio, na yaishe mapema ili kila mtoto awe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Ambao hawajafunga wanywe maji yao, ila wanywee nyuma ya darasa, si mbele ya wenzao.