Shibolethi ya Jumuiya Zetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Waamuzi 12 haijaniachia. Wagileadi, waliowashinda Waefraimu vitani, wameshika vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kuvuka anaambiwa atamke Shibolethi. Mwefraimu anasema Sibolethi, maana ndivyo ulimi wake ulivyolelewa, na hapo hapo anauawa. Watu 42,000, kwa sauti moja tu.

Tunasoma tunashtuka. Kisha Jumamosi kwenye jumuiya mama aliyehamia juzi kutoka Usukumani anapewa somo, Roho Mtakatifu anakuwa "Loho", na vicheko vinapasuka kwenye mkeka. Wiki inayofuata ukimpa Biblia anasema amesahau miwani. Ya tatu anakaa karibu na mlango. Ya nne haji, nasi tunasema watu wa bara wanajitenga! Wapendwa, tumemfukuza sisi, kivukoni, bila panga.

Kisukuma hakina r, na Kikurya hakina l. Sikio lililokua bila tofauti hiyo haliisikii upesi, ndiyo maana kumkatiza mtu katikati ya somo hakumfundishi kitu. Anayetaka kusaidia amwite pembeni, amsomeshe kwa jozi: kula na kura, mahali na mahari, polepole, siku chache kabla ya zamu yake. Na asipotaka kusaidiwa, basi, neno la Mungu limesikika. Ndugu wa Bukavu, Kongo, naye Kiswahili anakijua tangu utoto. Cha kwao kina Kifaransa ndani, kama chetu kilivyojaa Kiarabu na Kiingereza, ila vya kwetu tumevizoea.

Na huyo anayecheka, babu yake alizaliwa wapi? Mji huu wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, pembeni ya kijiji cha Mzizima. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoani watu 5,383,728. Mzizima haikuzaa wote hao.

Petro naye usemi wake wa Kigalilaya ulimtambulisha uani kwa kuhani mkuu (Mathayo 26:73), ukageuka shtaka. Siku ya Pentekoste Mungu hakutafuta vinywa vya Yerusalemu vilivyonyooka. Watu walishangaa, "hawa wote wasemao si Wagalilaya?" Lafudhi ile ile iliyomtia Petro hofu ndiyo iliyobeba Injili.

Angalieni Boazi katika Ruthu 2. Alisema kwa upole na Ruthu, mgeni kutoka Moabu aliyeokota masuke shambani mwake, lakini amri aliwapa vijana wake: wasimkemee, wasimwaibishe, tena wamwangushie masuke kwa makusudi. Wenyeji ndio walioonywa. Wazee wa jumuiya, onyo hilo ni lenu kulitoa, kabla ya somo, mgeni akiwa hajafika.

Masuke ya Dar, yaani msaada wa kumwangushia mgeni, mnayajua. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba mara nyingi miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mgeni asitoe hela kabla hajaonana na mwenye nyumba mwenyewe na mkataba haujaandikwa. Wiki ile ile mtu mmoja amsindikize kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, maana akihitaji barua ya utambulisho miezi minne baadaye, itakwama kwa kuwa hakuna anayemjua. Aliyetoka nje ya nchi, kibali chake cha ukaazi kiko Uhamiaji. Barua ya mchungaji haiwezi kuchukua nafasi yake, msimdanganye. Na barua ya usharika wake wa zamani aulizwe mapema, si siku anapoleta mtoto kubatizwa.

Jumamosi hii somo liwe Ruthu 2:8-16. Asome aliyehamia mwisho. Akisema Luthu, mwitikie kwa Amina ile ile.