Simu ya mdogo wangu iko kwenye droo ya cherehani yangu

Jumamosi ndo siku droo inapiga kelele. Mi nashona zangu, na chini ya mkono wa kulia tachi ya mdogo wangu inatetemeka juu ya bobini na vipande vya chaki mpaka nafungua naisoma, maana nikiiacha inanikera. "Habari, tumekukumbuka, bonasi yako inakusubiri." Kabla ya mechi za Uingereza za jioni zinaweza kuja tatu nne mfululizo. Siku nyingi zimepita hajaweka hata shilingi kwenye hiyo laini lakini kampuni ya kubeti bado inamsalimia kwa jina, kwa upole ambao hata mama hamsemeshi hivyo.

Kwa wasionijua mi fundi, nashona hapa Tanga, Ngamiani, kwenye barabara za namba, sare za shule na madera na marekebisho ya zipu, na mdogo wangu wa mwisho ni bodaboda. Nimeona niandike leo maana mtaani kuna maneno, ati dada mtu kamnyang'anya simu mtoto wa kiume, anamfanya kama msukule. Sikumnyang'anya. Alikuja mwenyewe akaiweka juu ya meza ya kukatia, pembeni ya mkasi, akasema dada kaa nayo, na namba ya siri badilisha usinambie.

Utaratibu wetu uko hivi. Anatembea na kitochi cha kupigiwa na abiria basi. Abiria akitaka kulipa kwa simu anatuma kwenye namba yangu. Jioni anakuja ananipa hela ya mkononi, tunatoa hesabu ya bosi mwenye pikipiki, tunatoa mafuta ya kesho, tunatoa marejesho ya madeni, kinachobaki naandika kwenye daftari la vipimo kwa sababu ndo daftari nililonalo. Ukilifungua utakuta kifua 38, kiuno 32, urefu wa gauni, halafu mstari wa chini "mafuta 6,000, bosi 8,000", halafu makalio ya mteja mwingine. Na mara moja moja anapiga *106# mbele yangu tuone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Hilo wazo lilikuwa lake, mi hata hiyo namba nlikuwa siijui.

Nataka kueleza kidogo alivyofika huko maana watu wanadhani ni upumbavu. Mdogo wangu si mpumbavu, hesabu anaijua kuliko mimi. Alianza na mkeka wa buku, yaani tiketi moja ya kubeti yenye timu nyingi ambayo timu moja ikikosea imechanika yote, wote pale kijiweni walikuwa wanaweka, timu kumi timu kumi na mbili, na yeye ndo alikuwa anawafundisha wenzie. Siku moja nilimkalisha nikamwambia hebu nifafanulie, akachukua kalamu yangu akaandika: chukua timu kumi nzuri, kila moja ina nafasi ya kushinda mara 65 katika 100, unadhani zote kumi pamoja ni ngapi? Nikasema labda nusu. Akazidisha mpaka mwisho, ikatoka moja na kitu katika mia. Akaniangalia akasema unaona? Halafu jioni ile ile akaenda kuweka. Toka siku ile nikaacha kuhangaika na kumuelimisha, anayosema mwalimu na shekhe yote anayajua, Suratul Maida aya ya 90 anaisoma kwa sauti nzuri kuliko maimamu wengine mpaka pale panapotaja kamari na pombe pamoja.

Kilichokuwa kinamuua si kukosa, ni kukosa kidogo. Mkeka ukichanika timu sita anautupa anacheka. Ukichanika timu moja, ile ya mwisho, goli la dakika ya tisini, hapati usingizi, anaona kafika mlangoni mtu kamfungia, na kesho anaweka mara mbili. Nilikuja kusoma kwamba watafiti wa Cambridge waliandika 2009 kuhusu jambo hilo hilo, kwamba kukosa padogo kunaamsha ubongo sehemu zile zile zinazoamshwa na kushinda, hasa pale mtu anapokuwa kajichagulia mwenyewe. Nikasema huyu wamemuandika yeye.

Afadhali mkeka lakini, mi nasema hivyo na wengi watabisha. Mkeka unakusubirisha, dakika tisini una muda wa kula, kuswali, kubeba abiria. Balaa lilikuja na kile kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Kinapaa, namba inapanda kutoka moja, moja na nusu, mbili, tatu, inabidi utoe hela yako kabla hakijaondoka, kikiondoka imekula kwako, na mzunguko mzima hata dakika haukai unaanza mwingine. Alikuwa anacheza akisubiri abiria atoke dukani, anacheza chooni, usiku chini ya shuka naona mwanga tu. Mshahara wa siku unaisha kabla chai haijapoa. Pikipiki ya kwanza ya mkataba ilimponyoka hivyo hivyo, hesabu za bosi zikalala mpaka bosi akaja na watu wake kuichukua mbele ya watoto, na ilikuwa imebaki kidogo tu iwe yake.

Madeni sasa. Kulikuwa na kausha damu, mkopeshaji wa riba, wa mtaa wa pili, kulikuwa na za wenzie, na kulikuwa na ile mikopo ya programu za kwenye simu ambayo ukichelewa wanatuma meseji kwa kila mtu uliyemuhifadhi. Mteja wangu wa sare, mama wa heshima zake, alitumiwa meseji kwamba fulani ni tapeli mwambie alipe. Alikuja dukani kunionyesha kwa adabu zote kana kwamba kaniletea kitambaa kilichopauka. Benki Kuu ilipotoa ile orodha ya programu 69 zisizo na leseni, Novemba 2024, niliipitia yote na kidole.

Na hapa ndo tulipogombana kama familia. Mama aliuza bangili zake. Mjomba wa Pongwe akaleta kiasi, mi nikagomea nikaonekana nina roho ngumu, nikaambiwa hela za cherehani zimenipanda kichwani. Deni likalipwa lote, mama akalala usingizi siku mbili, na wiki haikuisha jamaa kashakopa tena kwa sababu sasa alikuwa hadaiwi, jina lake safi, kila mtu anamkopesha! Shangazi yeye akasema tumpeleke Handeni kwa mganga, nikamwambia shangazi foleni ya Handeni nusu yake ni watu wanaoomba mkeka utiki, tutakutana nao huko huko. Akanuna mpaka leo.

Aliyetusaidia ni mtu ambaye mama hakutaka hata aingie ndani. Jirani yetu, fundi baiskeli, alikuwa teja miaka mingi, Tanga hii wanamjua, alishawahi kuiba kamba yetu ya nguo pamoja na nguo zake. Sasaivi kila asubuhi anapanda baiskeli mpaka hospitali ya Bombo anakunywa methadoni yake, dawa ya kuachia unga, mbele ya nesi, anarudi anafungua banda. Siku moja alisikia mama akipiga kelele akaja akasimama mlangoni, akasema mama shikamoo, samahani, huyu anaumwa ninachoumwa mimi. Mama akamwambia mwanangu hajawahi kugusa unga. Akasema najua.

Nlidhani anatufariji. Kumbe wenyewe wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walishaihamisha kamari tangu 2013, wakaiweka kundi moja na pombe na madawa, na Shirika la Afya Duniani nalo linaihesabu ugonjwa. Lakini jirani hakuyatoa huko, aliyatoa mwilini mwake. Alimuuliza mdogo wangu maswali ambayo sisi hatujawahi kumuuliza. Saa ngapi inakushika zaidi? Ukiwa na hela au ukiwa huna? Ukiwa na nani? Sisi miaka yote tulikuwa tunauliza swali moja, kwa nini, na hakuna mtu mwenye jibu la kwa nini.

Majibu yalipotoka ndo tukajua pa kushika. Saa mbaya ni Jumamosi alasiri, na ni pale anapokuwa na hela mkononi peke yake. Basi hela ikaja kwangu, na Jumamosi alasiri akapelekwa bandani kwa jirani kutengeneza baiskeli. Sijui kama mmewahi kuona mtu anafungua ekseli ya baiskeli iliyokula mchanga wa pwani, mikono inaingia grisi nyeusi mpaka kiwikoni, simu haishikiki hata uwe na hamu vipi, na sabuni ya jirani ni kipande kimoja anakificha makusudi. Wanasikiliza mpira redioni. Coastal Union wakicheza Mkwakwani wanafunga banda wanaenda uwanjani, kuangalia tu, na mdogo wangu anasema mwanzoni ilikuwa ngumu, mpira bila mkeka aliuona mrefu sana, alikuwa hajui ashangilie nini.

Kijiweni nako mwenyekiti wao alisema nao. Hakutoa hotuba, alisema tu huyu msimuonyeshe mikeka yenu na msimkopeshe, anayemkopesha asije kwangu kudai. Wengi wameshika. Yupo mmoja bado anamwita "mke wa dada yake" kila siku. Huyo nilimshonea suruali ya harusi, Mungu anamuona.

Mwezi wa AFCON alianguka. Taifa Stars wanacheza, mji mzima umewaka, akaazima simu ya mwenzie akaweka. Na akashinda. Si hela nyingi lakini si ya kuidharau, elfu themanini. Mi ningejuaje? Laini si yake, simu si yake. Alikuja usiku nafunga duka akaitoa mfukoni akaiweka pale pale pembeni ya mkasi, mikono inamtetemeka, akasema dada nimecheza, nimeshinda, sijui niipeleke wapi hii hela, nitolee mkononi.

Bora angepoteza! Nawaambia ukweli, aliyeshinda ana kazi kubwa kuliko aliyeliwa. Usiku ule nyumba ilikuwa bunge. Mama akasema hela ya kamari haiingii jikoni kwangu, hata chumvi. Mjomba kwenye simu akasema sasa muichome moto, mna akili nyie? Jirani tukamwita, akaja na kofia yake ya kulalia, akasema hela si shida, shida asilale nayo, na kesho asibaki peke yake kutwa nzima, kwa sababu mwili umeshakumbushwa. Mi nikasema apewe maskini. Mama akasema maskini naye kakosa nini mpaka alishwe haramu. Ikafika saa sita tunabishana fiqhi na wala hakuna shekhe ndani. Mwisho mjomba ndo aliyepata jawabu, akasema si bado anadaiwa na kausha damu, na ile si riba? Basi haramu ikalipe haramu, zikutane huko huko. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi nilienda mwenyewe kulipa, nikachukua saini.

Siku ya pili yake alishinda bandani kwa jirani na ya tatu vilevile, hakupanda pikipiki, bosi nilimpigia mimi nikamwambia anaumwa. Bosi akauliza anaumwa nini, nikamwambia ukweli. Akakaa kimya, halafu akasema hata mimi nna mtoto wa dada yangu, dada, huyo jirani yenu anapatikana saa ngapi?

Kwangu mimi, dada mtu, kuna jambo halisemwi. Inachosha. Nimekuwa benki, nimekuwa askari, nikimuona anacheka na kitochi najiuliza anacheka na nani. Wakati mwingine anachelewa dakika kumi kuleta hesabu nashona sare mguu mmoja mrefu. Yeye naye analijua hilo, siku moja akaniambia dada ukitaka kunipekua nipekue, usiniangalie tu hivyo. Tukakubaliana bora niulize. Nauliza, anajibu, tunaendelea na mengine. Mara nyingi mi naona aibu kuuliza kuliko yeye kujibu. Na jirani ananiambia niwe na mtu wangu wa kumwagia haya, nisiyamwage kwa mgonjwa, ndo maana nayaandika.

Juzi kaleta ombi. Anataka kila jioni abaki na elfu tano yake mwenyewe, isiyoandikwa kwenye daftari, asiulizwe. Anasema anaona haya kuomba hela ya soda mbele ya wateja wangu, na ana haki, ana miaka ishirini na sita. Jirani kasema ajaribu lakini Jumamosi isiwemo. Mi nimekubali, roho iko juu lakini nimekubali. Mama kagoma, kasema angoje kwanza ligi iishe. Mdogo wangu akamuuliza ligi ipi mama, maana hii ikiisha kuna nyingine. Mama akamwambia usinifanye mtoto, akaenda kulala.

Kesho ni Jumatatu, namkatia hiyo elfu tano. Mama atajua, hapa kwetu hakuna siri.