Mishumaa yenye tetekuwanga

Mwezi wa Julai mishumaa kumi na miwili ilinirudia kutoka Shela, hapa hapa kisiwani Lamu, ndani ya kikapu kile kile nilichoipelekea. Mwenye nyumba ya wageni hakunitolea maneno makali. Alimpa kijana wa boti kikapu, kisha akaniandikia kwenye simu: "Harufu nzuri sana dada, lakini mbona nyuso zina tetekuwanga?"

Nilicheka, halafu nikanuna, kwa sababu alikuwa na haki. Kila gilasi ilikuwa na vishimo juu, nyengine imebonyea pembeni mwa utambi, na moja ilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiiwasha, nta ya juu inayeyuka na kasoro hizo za juu zinapotea. Lakini nani hununua mshumaa uliokwisha kuwashwa? Mteja huanza kwa macho.

Kwanza nikailaumu nta. Inakuja kwa basi mpaka Mokowe, kule bara, inavushwa kwa boti, kisha punda anaibeba kutoka jeti hadi kwetu Mkomani. Nikasema ni safari na jua. Nikabadilisha manukato, nikabadilisha tambi, tetekuwanga pale pale. Kitu ambacho sikukifikiria ni mahali ninapomiminia. Nilikuwa namimina msana wa tini, yaani ukumbi wa mbele, mkabala na kiwanda, ule ua wa wazi wa ndani ya nyumba, maana ndipo penye mwanga. Na anayezijua nyumba zetu za mawe anajua kiwanda ndicho kinacholeta hewa. Julai ni kusi. Mimi mwenyewe hukaa pale jioni kupunga upepo, na kumbe mishumaa nayo ilikuwa ikipunga!

Nta ya soya ikipoa husinyaa. Ile iliyogusana na gilasi na ile ya juu inayopigwa na upepo hushika mwanzo, huku ya katikati bado majimaji. Ya katikati inapokuja kuganda, inajivuta na kuikokota ile ya juu ambayo tayari ni ngumu. Ndipo panapobonyea, au panabaki pango la hewa chini ya ganda, nawe huoni kitu mpaka siku mshumaa unapowashwa. Basi dawa ni ipoe polepole, pande zote pamoja.

Siku hizi namiminia ndani, chumba cha mwisho kabisa, kuta nene na giza lake. Gilasi naziosha asubuhi na kuzianika darini juani, zikauke hasa, maana tone moja la maji likibaki linatoa viputo. Nikizishusha zina uvuguvugu, na gilasi yenye uvuguvugu haiishtui nta. Nasikia wenzetu wa nchi za baridi hupasha gilasi kwenye oveni. Sisi jua tunalo, bure.

Kosa langu la pili lilikuwa pupa. Nayeyusha kilo moja ya nta katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Thamomita ikisoma nyuzi 85 naepua, natia gramu 80 za manukato ya asumini, nakoroga dakika mbili taratibu kama uji wa mgonjwa. Ukipigapiga unatia hewa. Zamani nilikuwa namimina hapo hapo, bado 75, niwahi magharibi. Sasa nangoja ishuke mpaka 55 hivi. Hata bila kipimo utaiona: haing'ai tena kama mafuta ya kupikia, imefifia kidogo kama maji ya dafu. Nta yako huenda ikataka joto jengine, kwa hiyo anza na gilasi mbili tatu, uandike. Nikishamimina nafunika kwa katoni iliyopinduliwa na kuacha mpaka asubuhi. Usichungulie. (Mimi huchungulia.)

Ule ukungu mweupe kama chumvi unaotokea kwenye nta iliyoganda ni kitu kingine. Hiyo ni tabia ya soya yenyewe, inavyojipanga ikiganda, na haina madhara. Kwenye nta ya rangi unaonekana vibaya, ndiyo maana rangi nimeziacha.

Hata hivyo, katika kumi hukosi mmoja mbishi. Huo nautoboa kwa kijiti cha mshikaki karibu na utambi, nione kama chini kuna pango. Ukilainisha juu bila kutoboa, umefunika shimo tu. Kisha naileta draya ya nywele, moto mwingi na upepo mdogo, nazungusha mkono mpaka nta ya juu iyeyuke kama nusu sentimita na kujaza yenyewe. Upepo ukiwa mkali nta inarukia ubavuni mwa gilasi, na kuisafisha ni kazi nyengine.

Ijumaa moja niko katikati ya kazi hiyo, stima ikapotea. Gilasi nane zinangoja, boti ya Shela saa kumi. Shangazi akanitazama, akasema, "Mwanangu, wali twapalia makaa, mshumaa una nini?" Akaenda jikoni, akarudi na mfuniko wa bati wenye makaa juu yake, akauinamisha juu ya gilasi ya kwanza, kama vidole viwili hivi. Wallahi uso uliyeyuka ukatulia kama kioo. Ya pili vile vile. Ya tatu, moshi wa makaa ukamwingia puani, akapiga chafya.

Majivu yaliingia gilasi zote nane.

Shela nilipeleka mishumaa myengine Jumatatu, na hiyo haikurudi. Ile ya majivu nimeipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, yote minane, nyuso laini zenye madoa ya kijivu. Shangazi ameshachukua miwili. Anasema hiyo ndiyo mizuri.