Mwanaume leba: nilivyojaza kitabu changu cha vitendo

Niko mwaka wa tatu wa stashahada ya uuguzi na ukunga, na Mungu akipenda muhula huu ndio wa mwisho. Kwetu Njombe mahafali yangu yameshakaliwa vikao. Baba mdogo anauliza nauli za basi, shangazi anauliza rangi ya sare, mama anataka kujua kama nitavaa joho "kama la jaji". Nikiwaambia kwamba baada ya joho kuna mtihani mwingine wa leseni, wananitazama kama mtu anayetafuta kisingizio.

Kilichokuwa kikininyima usingizi mwaka huu wala si mitihani ya darasani. Ni kitabu cha vitendo, kile ambacho kila kazi unayomfanyia mgonjwa lazima isainiwe na muuguzi aliyekusimamia. Kuweka kanula ya dripu mshipani, kupima presha, kusafisha vidonda, kurasa hizo zilijaa mapema. Ukurasa wa kuzalisha ukabaki mweupe.

Wanafunzi tulikuwa wengi mno. Hospitali moja inapokea vyuo kadhaa, wauguzi na matabibu pamoja, na mama akianza kusukuma, mlango wa leba unajaa watu waliokwisha vaa glovu. Kichwa cha mtoto kikichungulia, kinagombewa kama daladala ya jioni. Halafu mimi ni mwanaume. Wapo kina mama wasiojali, tena wengine wananiita dokta hata niwarekebishe vipi, na wapo wanaosema waziwazi, "Huyu kaka atoke." Ni haki yao, na sijawahi kununa.

Aliyenifumbua macho ni sista mmoja wa zamu ya usiku, mkunga wa siku nyingi, asiye na maneno mengi. Alitutazama tulivyojipanga akasema, "Wote mnataka kichwa. Tangu jioni mama huyu anahangaika peke yake, mlikuwa wapi?"

Basi nikaanza kuomba zamu za usiku, zile ambazo wenzangu walizikwepa. Waliokuwa na watoto wadogo nyumbani walinipa zao kwa furaha. Mama akilazwa tu, namfuata: "Dada, pole. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa mwisho, nafanya kazi chini ya sista yule pale. Unaniruhusu nikuhudumie?" Akikataa, namshukuru na kwenda kwingine, sibembelezi. Akikubali, siondoki. Patografu yake, ile chati ya kufuatilia uchungu, naijaza mimi: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika 10, kiganja kikiwa juu ya tumbo na macho kwenye saa ya ukutani. Kila baada ya saa 4 sista anapima njia imefunguka kiasi gani, nami naweka alama. Katikati ya hayo ni kumsugua mgongo, kumkumbusha akojoe, kumfuatia chai kwa ndugu zake waliojikunyata nje. Kazi hizi hazina ukurasa kwenye kitabu, lakini ndizo zilizonijazia kitabu.

Kuna mmoja simsahau, uzazi wa kwanza, aliyenikubali shingo upande. Usiku kucha hakunisemesha zaidi ya "maji" na "bado?" Alfajiri wanafunzi wa zamu ya asubuhi wakaanza kuingia, mmoja akasogea kitandani na glovu zake. Yule dada akanikamata mkono wa koti. "Huyo simjui. Wewe uliyekesha na mimi." Sista akanipa ishara nisogee. Mtoto akatoka analia. Nikamweka kifuani kwa mama yake, nikapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, nikamchoma mama pajani oksitosini yuniti 10, dawa ya kukaza mji wa mimba asivuje damu nyingi, kabla dakika haijaisha. Kondo la nyuma tulilikagua kwenye beseni, lilikuwa zima. Sista akasaini amesimama, kalamu ikimgomea, mpaka akaichorachora kwanza kwenye boksi la glovu.

Zamu za usiku zilinipa na muda wa kusoma. Leba ikitulia, mimi na mwenzangu tulihojiana mahesabu ya dripu: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Ni 42, na ole wako usahau kugeuza saa kuwa dakika. Ripoti ya utafiti niliimaliza kwa kusukumana na msimamizi, hilo halina hadithi.

Sasa naangalia mbele. Kwenye mahafali yetu wahitimu huwasha mishumaa na kula kiapo cha Nightingale, kilichopewa jina la Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa, ingawa hakukiandika yeye, kiliandikwa Marekani mwaka 1893. Napenda mishumaa ile, sikatai. Ila mshumaa haukupi ruhusa ya kuhudumia mgonjwa. Ruhusa iko kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nayo inapitia kwenye mtihani. Ajira za serikali nazo hutangazwa kwa wakati wake, si kwa wakati wako, na kaka zetu waliotutangulia wengine bado wanajitolea kwenye vituo vya afya.

Kwa hiyo nimempigia baba mdogo nikamwomba: michango ya mahafali ikatwe nusu, nusu nyingine iwe ada ya mtihani wa leseni na chumba karibu na mji, nipate kusoma kwa utulivu na kutafuta pa kujitolea. Yeye kakubali bila shida. Mama anasema tusubiri neno la shangazi. Na shangazi kaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba leseni tutailipa, lakini mbuzi wawili hawapungui, na anayebisha amtumie yeye hela ya wa tatu.