Njia ya Reli ya Zamani Haidai Nguo za Kubana

Kila nikisema nimeendesha baiskeli kutoka Purcellville hadi Arlington, watu wa huku Virginia wananitazama kuanzia juu hadi chini, kisha wanauliza, "Wewe?" Ndiyo, mimi, mama wa Kitanga mwenye magoti ya kulalamika na baiskeli ya kikapu. Maili 45, yaani kilomita 72 hivi, lami mwanzo mwisho. Na ningeimaliza mapema zaidi kama vijana wangeniacha na akili zangu.

Njia yenyewe wanaiita W&OD, jina la kampuni ya reli iliyokuwa ikipita hapo, Washington and Old Dominion. Abiria walibebwa mara ya mwisho mwaka 1951, mizigo ikakoma 1968, reli zikang'olewa. Kipande cha kwanza cha baiskeli kikafunguliwa Falls Church mwaka 1974, na lami ikafika Purcellville 1988. Sasa ni bustani ya ajabu: ndefu hivyo, lakini upana wake futi 100 tu. Juu yake, sehemu kubwa, zinapita nyaya za umeme mkubwa. Hizo nyaya usizisahau.

Mshauri wangu alikuwa kijana mmoja tunayesali naye. "Aunti," akaniambia, "hiyo baiskeli yako ya sokoni iache. Ile njia ni tambarare kama meza, treni haipandi mlima. Nakuazima yangu ya mbio. Anzia Shirlington, mwisho wa njia upande wa Arlington, saa nne asubuhi, mchana uko Purcellville unakula." Akaniongezea na kaptula yenye sponji na vipakti vya uji mtamu wa kunyonya.

Ilikuwa Julai. Hadi Falls Church nilijiona malkia, na hapo wametenga kipande, waenda kwa miguu upande wao na baiskeli upande wao. Mji wa Vienna, wa huku huku Virginia, pia mambo shwari. Baadaye ndipo nilipoelewa habari za nyaya. Kampuni za umeme hazipendi miti mirefu chini ya nyaya zao, kwa hiyo wanaikata, kwa hiyo kivuli hakuna. Saa sita na nusu niko Reston, jua la utosi, nimeinama juu ya usukani wa yule kijana kama mtu anayetafuta sindano chini, shingo inauma, na kile kiti chembamba sitaki hata kukizungumzia. Herndon nikalipita lile behewa jekundu la zamani ambalo watu wote wanapigia picha. Sikupiga.

Mbele ya Ashburn, kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha yanayohifadhi kompyuta za intaneti, tairi la nyuma likalia fyuu. Hapa sasa nataka mnisikilize, maana hapa ndipo utoto wangu wa Tanga ulipolipa.

Nilikuwa na viraka, gundi na pampu ndogo (hivyo vilikuwa vyangu, kijana mwenyewe hatembei navyo, eti anapiga simu). Beseni la maji la kutafutia tundu halikuwepo. Basi nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaipitisha taratibu karibu na mdomo. Midomo inasikia upepo ambao vidole havisikii. Tundu nikalipata mara moja. Nikalikwangua kwa msasa, nikapaka gundi, nikasubiri hadi haishiki tena kidole. Wanaokosea wote wanakosea hapo, wanabandika kiraka gundi ikiwa mbichi. Kisha nikapitisha kitambaa ndani ya tairi, kitambaa na sio kidole, kikanasa kwenye kipande cha chupa. Nikakitoa. Lakini kilikuwa kimekata tairi lenyewe, mpasuko wa kupitisha kucha, na tyubu ikijaa ingechungulia hapo na kupasuka tena.

Nyumbani fundi angekata kipande cha mpira wa zamani akakipachika kwa ndani. Mimi nikatoa dola moja. Noti ya Marekani si karatasi kama unavyodhani, ni pamba na kitani, inavumilia. Nikaikunja mara mbili, nikaiweka kati ya tyubu na mpasuko, nikarudisha tairi, nikapiga pampu kidogokidogo huku nikikagua. Ikashika! Mzee mmoja aliyesimama kunisaidia alibaki ameshika kofia yake. Hiyo noti ilikaa humo hadi nyumbani, na kijana nilimrudishia baiskeli pamoja na ile dola ndani. Hajui.

Sasa habari ya njia kuwa tambarare kama meza. Ni kweli treni haiwezi mwinuko mkali. Lakini mwinuko mpole wa maili na maili inauweza, kwa sababu ina injini. Ukitoka Leesburg kwenda magharibi unapanda bila kupumzika hadi Clarke's Gap, pengo la vilima ambako njia inapita chini ya tao la mawe, na ukitazama mbele macho yanakudanganya kwamba ni tambarare, huku miguu inasema vingine. Mimi sikulifikia tao. Nilikaa kwenye nyasi Leesburg, vipakti vya uji vimenikaa kooni, nikampigia baba watoto. Alinyamaza kistaarabu hadi Reston, ndipo akacheka.

Niligeuza mpango mzima. Nilingoja Oktoba, siku moja baada ya mvua ya baridi kupita, kwa sababu baada yake upepo huku huvuma kutoka kaskazini magharibi, na mimi nilitaka unisukume mgongoni. Shemeji ana pikapu na alikuwa na safari ya upande huo, akanishusha Purcellville na baiskeli yangu ya kikapu niliyonunua kwa mtu, dola mia na kitu. Matairi yake manene, unakaa wima, unaona kulungu. Kutoka pale kuna kupanda kidogo hadi Clarke's Gap, halafu ni kuteremka hadi Leesburg. Niliteremka naimba. Kikapuni chapati zilizokunjwa na mayai, chai ya tangawizi, maji yenye ndimu na chumvi kidogo. Unakunywa kabla ya kiu, sio baada.

Kengele nunua, ni dola chache. Huku unakaa kulia, na anayekupita anapaza sauti kwamba anapita kushoto kwako. Sisi tuliokulia Tanzania tukisikia kushoto tunasogea kushoto, maana ndiko tulikofundishwa kukaa maisha yetu yote, na hapo ndipo mtu anakuingia ubavuni. Mimi nilijiambia kwa sauti, "Ukisikia kelele, usifanye kitu," na nikafika salama. Kwenye makutano ya barabara simama hata kama gari limesimama. Dereva wa njia ya pili huenda hajakuona.

Kama huna shemeji mwenye pikapu, usihangaike na Purcellville kwanza. Panda Metro, treni ya jiji la Washington, ile laini ya rangi ya fedha (Silver Line), ambayo tangu Novemba 2022 inafika Ashburn. Baiskeli wanaruhusu saa zote, ila usiingie kwa mlango wa katikati wa behewa. Ukishuka kuna kipande cha barabara za magari kabla ya kuipata njia, kisha unarudi mashariki hadi kituo cha East Falls Church, ambacho kiko karibu kabisa na njia, kilomita 35 hivi. Stesheni tumia lifti. Ikiwa mbovu, muulize mhudumu, au endelea hadi kituo kingine. Ngazi za umeme baiskeli hairuhusiwi, na kwa magoti yangu hata zisingekuwa na katazo nisingethubutu.