Siku moja maishani mwangu: harusi ambayo midomo ilikataa kwenda na sauti

Saa 2:00 asubuhi nilikuta kijana ninayemfundisha kazi ameshika tama mbele ya kompyuta, katika chumba changu cha kuhariria video hapa Sinza, Dar es Salaam. "Kaka, nasaha za mzee zimegoma," alisema. Usiku alikuwa ameisogeza sauti ya baba wa bibi harusi mara tatu, na kila aliporekebisha mwanzo, mwisho uliharibika. Nilimwomba aiache kwanza. Kabla ya kusogeza chochote, mhariri hutazama sehemu mbili, mwanzo na mwisho wa klipu, ili ajue kama tofauti ni ileile muda wote au inaongezeka. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu la pili.

Saa 3:00 tulianza na klipu ya simu. Shangazi wa bibi harusi alirekodi dakika 41 akiwa meza ya mbele, na hiyo ndiyo picha pekee tuliyokuwa nayo ya mama akijifuta machozi, kwa hiyo kuitupa haikuwezekana. Mwanzoni midomo ilikuwa sawa. Kufikia dakika ya 10 ilikuwa imeachana na sauti kwa fremu tano (fremu ni picha moja moja zinazounda video), na mwishoni kwa zaidi ya nusu sekunde. Niliikagua faili kwa programu ya MediaInfo, nikakuta kiwango cha fremu kinabadilika: cha juu 30, cha chini 19. Simu nyingi hufanya hivyo taa za ukumbi zinapofifishwa, kwani hupunguza idadi ya picha kwa sekunde ili kila picha ipate mwanga wa kutosha, huku sauti ikiendelea na mwendo wake. Programu ya kuhariri ikidhani kwamba kila sekunde ina fremu 30, lazima ichanganyikiwe. Niliipitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadili muundo wa video, na kuchagua kiwango kisichobadilika cha fremu 25, sawa na mradi mzima. Mkono ukipungwa, picha inaruka kidogo, lakini midomo ilitulia mpaka mwisho.

Saa 5:00 tuliingia kwenye kazi yenyewe, yaani rekoda ya sauti iliyochomekwa kwenye mikisa ya ukumbi, mashine inayochanganya sauti za maikrofoni, na kurekodi saa mbili mfululizo. Nilishuku kwanza kwamba mtu ameiweka kwenye hezi 44,100 badala ya 48,000, yaani idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, ingawa sauti ya namna hiyo ikisomwa vibaya huenda mbio kwa karibu asilimia 9 na mzee angesikika kama mtoto. Haikuwa hivyo. Mwanzoni sauti ilichelewa kwa fremu mbili, mwishoni kwa fremu sita.

Zile mbili za mwanzo ndizo zilizomsumbua kijana, kwa kuwa programu ya kuhariri ilikuwa imelinganisha yenyewe mawimbi ya sauti ya rekoda na ya kamera, na kutangaza kwamba kila kitu ni sawa. Nilimuuliza kamera ilisimama wapi. Ilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, mita 28 hivi kutoka kwenye spika za jukwaani. Sauti husafiri takribani mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo ilifika kwenye maikrofoni ya kamera ikiwa imechelewa kwa milisekunde 80, ambazo ndizo fremu mbili. Programu iliifuata kwa uaminifu sauti iliyochelewa. Tuliisogeza sauti ya rekoda isikike mapema zaidi kwa fremu mbili.

Zile nne zilizobaki zilitokana na saa za ndani za vifaa viwili, ambazo hazilingani kamwe kwa ukamilifu. Sikubadili kasi. Nilikata sauti kwenye ukimya, kila baada ya nusu saa hivi, nikasogeza fremu moja. Kata moja niliificha mzee alipokunywa maji. Mapendekezo ya kimataifa ya utangazaji ya mwaka 1998 yanaonyesha kwamba mtazamaji hugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa hagundui mpaka ifikie 125, pengine kwa sababu tumezoea kuona shoka likipiga mti kabla ya kulisikia. Ndiyo maana nikiwa na shaka naiacha ichelewe kidogo.

Saa 8:00 mchana tulikula wali maharage, kisha kompyuta ikaachiwa kazi ya kutoa video nzima, nayo ilipokamilika tukaipeleka kwa familia.

Saa 12:30 jioni mama wa bibi harusi alipiga simu. "Mwanangu, mbona baba anafungua mdomo halafu ndiyo anasema?" Moyo ulinipasuka. Nilikuwa nimekwishafungua mradi upya nilipokumbuka kumuuliza anatazamia wapi. Alikuwa ameunganisha televisheni na spika ya Bluetooth, ambayo huchelewesha sauti.

"Shikamoo mama, naomba uizime hiyo spika, usikilizie kwenye televisheni yenyewe."

Kimya kidogo, kisha nikasikia mzee akianza nasaha zake upande wa pili.

"Marahaba. Sasa anasema vizuri."