Sahihi ya Mama

Mama alipokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za ndani, aliniacha kwa mama mdogo. Kwa mambo ya kawaida sikupungukiwa. Ada ililipwa, na viatu vipya vilikuja kabla vya zamani havijanibana. Watu wakizungumzia watoto wa walio nje hukimbilia habari za upendo. Upendo mimi niliupata. Nilichokosa nilikijua siku nilipovunjika mkono, mwaka 2014.

Nilianguka kutoka juu ya ukuta, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko, pale mishipa ya damu inapopita karibu. Daktari alitazama picha ya eksirei akasema itabidi nilazwe usingizi, mfupa urudishwe mahali pake na ushikizwe kwa pini. Akamsogezea mama mdogo fomu.

"Wewe ndiye mama yake?"

Mama mdogo hakuwa mwepesi wa uongo. "Mimi ni mama yake mdogo. Mama yake yuko nje, kazini."

"Una barua ya ulezi?"

Angeitoa wapi? Watu wakimsindikiza msafiri huulizana pasipoti, viza na mkataba wa miaka miwili. Mtoto hukabidhiwa kwa mdomo. Ingekuwa ni kufa na kupona wasingemngoja mtu, lakini vidole vyangu vilikuwa bado na joto, basi tukaambiwa tumtafute mzazi.

Kumpata ndiyo ilikuwa kazi. Simu yake ilikaa kwa mwajiri mchana kutwa. Pasipoti nayo ilikuwa hukohuko, ingawa Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani akae na hati zake mwenyewe. Na kwa utaratibu wa kafala wa wakati ule, yaani mfanyakazi mgeni kuwa chini ya udhamini wa mwajiri wake, asingetoka nchini bila ruhusa ya mwajiri huyohuyo, kwa hiyo kurudi hakukutajwa hata kidogo. Mama mdogo alipiga, akaacha ujumbe wa sauti, akapiga tena. Nesi naye alikuwa akija, anabonyeza ukucha wangu mpaka unakuwa mweupe, anaachia, anatazama wekundu ukirudi. Nikauelewa mchezo, nikawa najibonyeza mwenyewe. Jioni wekundu ulianza kuchelewa. Nesi aliuona pia, akatoka mbiombio bila kusema neno.

Simu ikaita muda huohuo. Daktari aliweka spika, mwenzake akasimama kama shahidi. Alimweleza mama hatari za dawa ya usingizi na hatari za kuchelewa, akamuuliza kama anaridhia.

"Naridhia, daktari. Fanyeni." Alikuwa akinong'ona. Kisha akaniomba mimi.

Mchana kutwa nilikuwa nimepanga la kumwambia. Nilichosema ni kwamba nina njaa, maana nilikatazwa kula tangu nifike. Akacheka. Nikasikia mtu akimwita kwa Kiarabu, simu ikakatika.

Mkono ulipona, ila haunyooki sawasawa. Mama alipokuja likizo, kabla ya kufungua mabegi alimchukua mama mdogo wakaenda kwa wakili kuandikisha barua ya ulezi, yenye mihuri na picha yangu. Baadaye, nilipohamishwa shule, mama mdogo aliikunjua kwa fahari mbele ya karani. Karani hakusoma hata mstari mmoja. Aliuliza ada italipwa lini.